Punda Hatelezi kwa Kupenda: Mnyama wa Miguu Minne na Ardhi Anayoikanyaga



Wiki hii siasa za kaunti naziweka kando. Nataka tuzungumze juu ya mwendo: vipi punda, ng'ombe, mbuzi, ngamia na paka hubadilisha hatua zao kulingana na ardhi iliyo chini yao. Huenda ukasema jambo hili ni dogo. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku sakafu niliyoimwaga mwenyewe ilipomwangusha punda wa watu.

Diploma yangu ni ya ujenzi, si ya udaktari wa mifugo. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia nyumba moja katika vichochoro vya Lamu. Mwenye nyumba alitaka vidato vya mlangoni viondolewe, pawekwe mteremko wa saruji ili punda wapande na mizigo hadi ndani ya kiwanja. Nikamwaga zege, nikapiga niru, nikailainisha hadi ikang'aa. Kila aliyepita aliisifu, nami nikafurahi.

Siku ya tatu akaja ami mmoja na punda wake, shogi zimejaa mchanga uliotoka jahazini. Punda alipofika chini ya mteremko alisimama. Akainamisha kichwa, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Kijana aliyekuwa akimfuata akamchapa fimbo. Mnyama akapanda. Hatua ya tatu mguu wa nyuma ukamponyoka, akaanguka kwa magoti, na mchanga ukammwagikia shingoni. Ami hakunifokea. Alifungua kamba, akashusha shogi, kisha akaipapasa ile sakafu kwa kiganja na kuniambia: "Mwanangu, huyu alitwambia mapema kuwa hapapitiki. Sisi ndio hatukumsikiza."

Punda yule alichubuka magoti yote mawili, akakaa wiki tatu bila kazi. Nililipa dawa, nikamtolea ami posho ya siku zile. Lakini lile neno lake lilinikaa. Tangu hapo nimekuwa nikisoma, nikiuliza na kuangalia miguu ya wanyama kuliko inavyofaa mtu wa rika langu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mwendo wa kawaida

Katika Suratun-Nur, aya ya 45, Mwenyezi Mungu ametutajia viumbe waendao kwa matumbo, waendao kwa miguu miwili na waendao kwa minne. Basi tuanze na hawa wa minne wakiwa kwenye ardhi nzuri, kavu, isiyo na taabu.

Punda anapotembea polepole, kila mguu hukanyaga kwa wakati wake. Mpangilio ni huu: mguu wa nyuma wa kushoto, wa mbele wa kushoto, wa nyuma wa kulia, kisha wa mbele wa kulia. Ukisikiliza kichochoroni usiku utahesabu milio minne. Faida yake ni kwamba wakati wowote miguu miwili au mitatu ipo chini, na mwili haukosi nguzo. Watu wa pwani wana neno la mwendo wa haraka kidogo kuliko huo, usiofika kuwa mbio: telki. Punda wa telki nzuri alikuwa na bei yake, maana mpandaji hatikisiki.

Akiongeza kasi huenda matiti. Hapo miguu hufanya kazi kwa jozi za mshazari: wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili. Milio inakuwa miwili. Akikimbia kwa nguvu zote huenda shoti, na hapo kuna nukta ambayo miguu yote minne iko hewani. Jambo hili watu walilibishania sana zamani, kwa sababu jicho haliwezi kuliona. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kwa mstari kando ya njia ya farasi wa tajiri Leland Stanford. Picha zilizotoka zilionyesha wazi kuwa farasi akikimbia huwa anaiacha ardhi kabisa. Zilionyesha pia kwamba hilo hutokea miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, wala si ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuchora.

Ngamia ana taratibu yake. Yeye huelekea kutumia miguu ya upande mmoja pamoja: ya kushoto yote miwili, kisha ya kulia. Ndiyo maana aliyewahi kupanda ngamia katika fukwe za Mombasa au Diani hushuka akiwa bado anayumba kama aliyetoka mashuani.

Kwa nini mnyama abadilishe mwendo? Mwaka 1981 watafiti wawili, Hoyt na Taylor, walichapisha matokeo ya kuwatembeza farasi wadogo kwenye mashine ya kukimbilia huku wakipima oksijeni wanayotumia. Waliona kuwa kila mwendo una kasi yake ambayo mnyama hutumia nguvu kidogo zaidi, na farasi akiachwa huru huchagua kasi hiyo bila kufundishwa. Mwaka 1991 Farley, akiwa na Taylor huyo huyo, alionyesha sababu nyingine: farasi hutoka matiti kwenda shoti pale kishindo cha mguu kinapofika kiwango fulani. Wakimtwika mzigo, hufika kiwango hicho akiwa katika kasi ndogo zaidi. Kwa lugha nyepesi, mzigo unabadilisha mwendo hata kabla ya ardhi kuingia katika hesabu.

Anajuaje pa kukanyaga?

Mwendo wenyewe wa kupishanisha miguu hautoki wote kichwani. Uti wa mgongo una mtandao wa neva unaopiga mdundo wa hatua. Mwaka 1966 wanasayansi wa Kirusi, Shik, Severin na Orlovsky, walionyesha kwamba sehemu moja ndogo ya shina la ubongo wa paka ikichochewa kwa umeme, paka hutembea. Uchocheo ukiongezwa, huenda matiti, kisha shoti. Ubongo ni kama nahodha anayetoa amri ya kwenda au kusimama, na uti wa mgongo ni mabaharia wanaojua kuvuta makasia bila kuambiwa kila mvuto.

Lakini mabaharia hawaoni mwamba. Ardhi ikibadilika zinahitajika habari mpya: macho yanayoangalia mbele, neva za mguu zinazohisi ugumu na utelezi, na misuli inayojua imevutika kiasi gani. Habari hizo ndizo zinazofupisha hatua, kuinua goti au kumsimamisha mnyama.

Tatizo ni miguu ya nyuma, kwa sababu inapofika penye jiwe macho yameshapita. Mwangalie paka wa Lamu akitembea juu ya ukuta. Mguu wa nyuma hukanyaga pale pale ulipotoka wa mbele, na kwa hivyo akishapata mahali pazuri pa mguu mmoja amepata pa miwili. McVea na Pearson, watafiti wa Kanada, waligundua mwaka 2006 kuwa paka akisimama baada ya miguu ya mbele kuvuka kizuizi, anaweza kukikumbuka hata kwa dakika 10 na kuinua miguu ya nyuma ipasavyo, japo kizuizi chenyewe kimeshaondolewa.

Punda naye huchunguza. Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Anaona mbali huku na huku, lakini kilicho mbele ya pua hukipima vizuri akiinamisha shingo. Penye dimbwi, kivuli kikali au sakafu inayong'aa, kwanza husimama. Sisi tukaliita hilo ukaidi. Farasi akitishika hukimbia, punda akitia shaka husimama. Siku ile ya mteremko wangu, kule kunusa na kurudi nyuma kulikuwa ndiyo kazi ya fundi ambayo mimi mwenyewe sikuifanya.

Mchanga

Mchanga mkavu hula nguvu. Ukikanyaga, ardhi inakimbia chini ya mguu na sehemu ya nguvu uliyotoa inaishia kuusukuma mchanga badala ya kukupeleka mbele. Kwa binadamu jambo hili limepimwa: utafiti wa Ubelgiji wa mwaka 1998 uliona kuwa kutembea mchangani hutumia nguvu mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea mahali pagumu. Kwa mnyama mwenye ukwato mdogo kanuni ni ile ile, maana uzito mwingi unakaa juu ya eneo dogo na ukwato unazama.

Jawabu la punda ni kuinua mguu juu zaidi, kufupisha hatua na kupunguza kasi. Na akiachwa ajichagulie njia, mara nyingi hushuka hadi ule mchanga wa maji uliokazwa na wimbi. Tazama punda watokao Shela kuja mjini wakati maji yametoka: wanafuata ukanda ule mgumu karibu na maji. Mchanga wenye unyevu wa kiasi hushikana na kuwa kama sakafu, ilhali mkavu sana hutawanyika na uliojaa maji kupita kiasi huyeyuka chini ya mguu.

Ngamia hapa ndipo kwao. Unyayo wake ni mpana, una vidole viwili na mto laini chini unaotanuka akikanyaga. Uzito unasambaa, na mguu hauzami sana. Lakini mpeleke ngamia huyo huyo kwenye udongo wa mfinyanzi ulionyeshewa mvua, kama ule wa bara ya Tana River msimu wa masika. Ule mto laini hauna makali ya kuuma ardhi, na miguu yake inaweza kutanuka pembeni hadi akaumia vibaya. Wafugaji wake hulijua hilo, hawamlazimishi.

Matope

Matope yana mitego miwili: yanateleza, na pia yananyonya. Mguu ukizama na kutaka kutoka, chini yake panakuwa hapana hewa, na matope yanauvuta.

Ng'ombe ana msaada wa maumbile. Ukwato wake umepasuka sehemu mbili. Akikanyaga zinaachana na kutanua unyayo. Akiinua zinakutana, na tope linauachia mguu kwa urahisi. Punda ana ukwato mmoja mzima, mwembamba na uliosimama wima. Yeye ni mtoto wa nchi kavu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 umeonyesha kuwa punda wote wa kufugwa duniani wanatokana na punda mwitu waliofugwa Afrika Mashariki miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Ukwato wake uliumbwa kwa mawe na changarawe za nchi ya joto. Akisimama siku nyingi penye maji maji, ukwato hunyonya unyevu, hulainika, na maradhi huingia. Kwa hivyo akikataa kuingia topeni kando ya mikoko, ana haki yake.

Miamba na mawe

Juu ya mawe ya matumbawe bingwa ni mbuzi. Kwato zake mbili zina ukingo mgumu wa kuuma jiwe na sehemu ya katikati iliyo laini zaidi, inayoshika kama mpira wa kiatu. Kila ukwato unaweza kujigeuza kidogo peke yake, na mbuzi hupata mshiko hata penye jiwe lililoinama.

Punda juu ya mawe hupunguza kasi na kurudi kwenye ule mwendo wa milio minne, ambao humwachia miguu mitatu chini wakati anautafutia wa nne mahali. Hapo huwezi kumharakisha bila kumvunja. Mguu mmoja ukipigwa fimbo ukaenda kabla ya mitatu kutulia, nguzo zimeondoka.

Mteremko na sakafu laini

Sasa tumefika kwenye kosa langu.

Farasi akiwa amesimama mahali tambarare, takriban asilimia 60 ya uzito wake iko kwenye miguu ya mbele, na punda yuko karibu na hapo. Akipanda, uzito unarudi nyuma na miguu ya nyuma ndiyo inayosukuma. Akishuka, uzito unamjia mbele na miguu ya mbele inakuwa breki. Ndiyo maana anayepanda huteleza mguu wa nyuma, na anayeshuka huumia magoti na mabega. Shogi zikifungwa vibaya, mzigo nao unahama upande huo huo wa hatari.

Kinachouzuia mguu usiteleze ni msuguano baina ya ukwato na sakafu. Kadiri mteremko unavyosimama ndivyo msuguano mkubwa zaidi unavyotakiwa. Ukwato ni mgumu kama kucha, na saruji iliyopigwa niru ni laini kama sahani. Ongeza chembe za mchanga zilizomwagika juu yake, kila chembe inakuwa gurudumu. Ongeza maji au ule utando wa kijani wa kichochoro kisichopata jua, na hapo hata binadamu mwenye kandambili hapiti.

Mnyama hujitetea kwa njia zile zile kila penye utelezi: hatua fupi, kasi ndogo, miguu imewekwa chini ya mwili badala ya kutupwa mbele, na kukaa chini muda mrefu zaidi kila hatua. Ng'ombe katika mabanda ya sakafu laini hufanya vivyo hivyo. Lakini kujitetea huko kunataka muda. Mnyama aliyetwikwa kupita kiasi na kuchapwa nyuma hana muda huo.

Hapa niongeze jambo ambalo lilinishangaza. Ukwato unapotua kwenye ardhi ya kawaida huteleza kidogo sana mbele kabla ya kushika. Mtelezo huo mdogo unapunguza kishindo kinachopanda mfupani. Kwa hivyo dawa si kutengeneza sakafu kali kama msasa. Sakafu inayoukamata mguu ghafla hutikisa viungo, na iliyo kali hula ukwato. Tunataka sakafu ya wastani, inayoachia kidogo kisha inashika.

Tufanye nini

Nilirudi kwenye ule mteremko na patasi, nikauchimba mistari ya kukata njia, kina chake kama sentimita 1. Ami alimleta punda yule yule baada ya kupona. Alisimama tena, akanusa tena. Safari hii tulimngoja. Akaweka mguu mmoja, akaujaribu, kisha akapanda taratibu hadi juu. Sijawahi kufurahia ukaguzi wa kazi yangu kama ule.

Tangu hapo nina masharti yangu, na nawaomba mafundi wenzangu wayapime:

Kwanza, niru ni ya ndani ya nyumba. Njia ya punda ifagiwe kwa ufagio mgumu saruji ikiwa bado mbichi, mifagio ikikata njia, isifuate njia.

Pili, mteremko uwe mrefu na mpole. Mimi sipandishi zaidi ya sentimita 10 kwa kila mita 1 ya kwenda mbele, na nikikosa nafasi naweka vidato vipana vifupi. Kidato kipana punda hukiweza kuliko mteremko mkali.

Tatu, vigae vinavyong'aa visiwekwe mlangoni penye kichochoro cha kupitia punda. Uzuri wako ni mguu wa mwenzio.

Nne, maji ya bafu na ya kuoshea vyombo yaelekezwe kwenye mfereji. Mchanga uliomwagika ufagiwe kabla ya punda wa pili kufika.

Tano, kwa wenye punda: mzigo upungue siku ya mvua, na fimbo isitangulie. Akisimama, nenda mbele uangalie alichokiona.

Wapo watakaosema, punda afe mzigo ufike. Msemo huo ulitungwa punda wakiwa wengi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ikahesabu karibu milioni 1.2. Katikati ya hapo, kuanzia 2016, machinjio ya kusafirisha ngozi na nyama yalifunguliwa, na wizi wa punda ukawa kilio cha wafugaji. Punda akivunjika leo, kumpata mwingine si kazi rahisi. Mji wa kale wa Lamu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001, na vichochoro vyake ni vyembamba visivyopitisha lori. Kila jiwe la kuta zile na kila gunia la saruji limepita mgongoni mwa mnyama huyu. Zahanati ya punda iliyoko mjini tangu mwaka 1987 inatibu waliokwisha kuumia, lakini sakafu tunazimwaga sisi mafundi.

Kaunti inapopanga kukarabati njia, na mwenye nyumba anapotengeneza kizingiti chake, waulize swali moja tu: mwenye kwato atapitaje hapa? Na wakikosa jibu, mlete punda mmoja asiye na mzigo, mwachie kamba, mumtazame. Yeye ataipima sakafu kwa mguu wake, na jawabu lake halina hongo.